Kurudi fomu ukiwa kazini hapa Dar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa karibu kila wiki, kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, na usiku kwenye simu watu wakishatulia nyumbani. Wengi wanaouliza walikuwa vizuri tu zamani, walicheza mpira, netiboli, walikimbia mchakamchaka shuleni, alafu kazi ikaja, watoto wakaja, foleni ya Mbagala ikaja, mwili ukaachwa. Majibu nimeyaandika kwa ajili ya mtu huyo, asiye na hela ya jimu wala muda wa kwenda huko, ila siku nzima ya kazi anayo.

Natoka nyumbani saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku. Hayo mazoezi nafanya saa ngapi jamani?

Kazini humo humo. Usitafute saa moja nzima, haipo, ukiisubiri utaisubiri mpaka ustaafu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Zamani walikuwa wanasema kila kipande kisipungue dakika 10 ndo kihesabiwe, kwenye huo mwongozo wa 2020 sharti hilo wakalitoa. Maana yake dakika 4 za ngazi asubuhi zinahesabika, dakika 6 za kutembea haraka toka kituoni zinahesabika, dakika 15 baada ya kula zinahesabika, piga mara siku 5 za kazi umefika 125 na Jumamosi hujaigusa.

Alafu kuna kitu wengi hawakijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Hiyo saa ni yako. Kula dakika 20, zinazobaki 40 zote zinaishia kwenye simu. Mi naomba 15 tu katika hizo 40.

Nilikuwa mchezaji mzuri kabisa, mbona sahivi nikikimbia kidogo tu pumzi inakata? Nianzie wapi?

Anzia chini kuliko unavyojiona unaweza, tena chini sana. Kama utasoma jibu moja tu humu basi lisome hili.

Pumzi ndo ya kwanza kuondoka, hata mtu aliye fiti akiacha wiki 2 hivi inaanza kushuka, sasa we umekaa miaka. Misuli iliyowahi kuzoea kazi inarudi haraka kuliko ya mtu ambaye hajawahi kabisa, kwa hiyo baada ya wiki 3, 4 unajiona umeshakuwa yule wa zamani, na hapo ndo pa hatari, kwa sababu kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, hazirudi kwa spidi hiyo, damu inayofika kule ni kidogo, zenyewe zinataka miezi. Unakuwa kama gari lililofungwa injini mpya huku matairi ni yale yale yaliyoisha. Msimu wa mabonanza ya maofisi ukifika utasikia tu, mtu dakika ya 10 kasimama ghafla, anageuka nyuma anadhani kuna mtu kampiga teke kisiginoni, kumbe hakuna mtu, ni kano ya nyuma ya mguu imekatika. Na mara nyingi huyo alikuwa beki hodari enzi zake, mwaka mzima kakaa kwenye kiti, akaingia uwanjani na akili ya miaka 22.

Kwa hiyo wiki 2 za kwanza tembea tu. Dakika 10 mara mbili kila siku ya kazi, mwendo wa mtu anayewahi basi, uweze kuongea ila usiweze kuimba. Hicho kipimo cha kuongea na kuimba hakihitaji saa ya mkononi wala programu ya simu. Siku mbili ndani ya wiki ongeza kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 8 bila kujishikilia, pumzika dakika moja, rudia. Ukimaliza ukaona ungeweza kuendelea, safi, acha hivo hivo, hiyo ndo ilikuwa dozi. Wiki ya 3 ingiza ngazi. Kukimbia kaa nako mbali mpaka uwe umetembea nusu saa bila tabu kwa kama mwezi mzima, na hata hapo uanze kwa kuchanganya, dakika 1 kukimbia 2 kutembea.

Najua hii inauma kwa mtu aliyewahi kuwa nyota wa mtaa. Lakini nimewaona wengi, anayeanza pole pole baada ya miezi 6 bado yupo, anayeanza kwa fujo Jumatatu, Alhamisi anachechemea na Ijumaa kashaacha.

Ofisini kwetu hakuna nafasi wala vifaa. Nifanye nini hasa?

Una kiti, una meza, una ukuta, inatosha kabisa.

Kiti (kama kina magurudumu kiegemeze ukutani kwanza, usikiamini hata kidogo): kaa ukingoni, miguu upana wa mabega, inuka, shuka taratibu ukihesabu mpaka 3. Kule kushuka taratibu ndo kunakojenga mapaja, wengi wanajiangusha kama gunia la mchele alafu wanasema hawasikii chochote.

Pushapu anzia ukutani, baadaye ukingo wa meza nzito, baadaye sana sakafuni. Mwanamke asiambiwe kwamba pushapu sio zake, mabega na mgongo wa juu ndo vinavyochoka ukikaa kwenye kompyuta na hili zoezi linawafaa wote. Kupanda kwa vidole vya miguu na kushuka unaweza kufanya ukiwa umesimama unasubiri printa au chai ichemke, hamna hata atakayejua.

Alafu kuna lile la kuegemea ukuta ukikaa hewani bila kiti, mapaja sambamba na sakafu au juu kidogo, unatulia hapo. Linaonekana la kitoto lakini mwaka 2023 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za mazoezi na presha, na mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea, likiwemo hili la ukutani, ndo yaliyoongoza kushusha presha ya kawaida ya mtu akiwa ametulia. Anza sekunde 20. Pumua muda wote, usibane pumzi, kubana pumzi kunapandisha presha pale pale.

Ngazi zinatosha kweli? Niko ghorofa ya 9.

Zinafaa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakalinganisha madereva na makondakta. Basi ni lile lile, barabara ile ile, lakini madereva waliokaa siku nzima walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Ile kazi ndo ilifungua macho ya watu kuhusu kukaa na moyo. Ukikaa kwenye daladala mwangalie konda anavyoshuka na kupanda kila kituo alafu jiangalie we mwenyewe.

Ila ghorofa ya 9 usiipande yote siku ya kwanza. Panda 2, lifti ikumalizie. Wiki inayofuata 3. Kuna asubuhi foleni ya lifti inafika mpaka mlangoni na utakuta umefika kabla ya waliobaki chini. Kushuka kunabana magoti kuliko kupanda, kwa hiyo mwenye goti linalouma apande kwa miguu ashuke kwa lifti. Mkono uwe karibu na kishikio, simu mfukoni, na kama ngazi za jengo lenu zina giza umeme ukikatika usizipande saa hiyo.

Na jasho? Nina mkutano saa 8 na joto lote hili.

Hili swali ni la haki, Desemba mpaka Machi hapa unatoka jasho hata ukiwa umekaa. Mazoezi ya nguvu kidogo weka asubuhi kabla watu hawajajaa au jioni ukisubiri foleni ipungue, badala ya kukaa kwenye gari Mwenge saa nzima na nusu fanya dakika 20 zako ofisini ndo uondoke. Mchana tembea tu mwendo wa kawaida, kivulini. Kwa walio Posta, Samora saa 7 mchana ni jua tupu, ila Garden Avenue na Shaaban Robert kuna miti.

Kwenye droo weka tisheti moja, kitambaa cha kufutia na dawa ya kwapa. Ukimaliza usivae shati hapo hapo, subiri mwili upoe, nawa uso na shingo na mikono kwa maji ya bomba. Na maji ya kunywa yasikosekane.

Watu watanicheka. Na bosi je?

Wiki ya kwanza watacheka, wiki ya pili wanauliza, baada ya hapo kuna atakayekufuata. Mtu wa kumtafuta mapema ni mwenzako mmoja tu, wawili hamwezi kuachana kirahisi, siku we unachoka yeye anakuja kusimama mezani kwako. Bosi mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, mwambie ni ndani ya muda wa mapumziko na kazi yake haitaguswa. Wengi hawana shida. Shida inaanza pale mtu anapojipa mapumziko mara mbili.

Mi siko ofisini, nashona Kariakoo. Mume wangu ni dereva wa bajaji. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu kuliko hata watu wa ofisini dada yangu. Fundi cherehani anakaa ameinama shingo mbele, mabega yamejikunja, mguu mmoja ndo unafanya kazi. Kila ukimaliza nguo moja simama kabla hujashika kitambaa kingine. Mikono nyuma ya kiuno, sukuma kifua mbele, angalia juu, hesabu 10. Kisha zungusha mabega, inuka na kukaa mara 5, endelea na kazi. Hauhitaji saa, nguo yenyewe ndo saa. Na ukiagiza uzi au zipu usimtume kijana kila mara, nenda mwenyewe, Kariakoo kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine na ule msongamano ni zoezi tayari.

Dereva wa bajaji na wa daladala kiuno ndo kinawaua. Akiwa anasubiri abiria kituoni ashuke, asikae ndani ananyonga simu. Atembee mpaka mwisho wa foleni ya bajaji na kurudi, mara kadhaa. Jioni lile zoezi la ukutani.

Wenye maduka wana shida nyingine, wanasimama siku nzima wakidhani kusimama ni mazoezi. Kusimama tu sio mazoezi, miguu inavimba bure. Kupanda kwa vidole na kushuka kunasukuma damu irudi juu, fanya mara kwa mara.

Lazima nifikishe hatua elfu 10?

Hapana. Namba hiyo ilianza kusambaa Japani kwenye miaka ya 1960, baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, ilitumika kutangazia kifaa cha kuhesabu hatua, haikutoka hospitali. Uchambuzi wa 2022 kwenye The Lancet Public Health ulionyesha faida ya kuishi zaidi inapanda mpaka kama hatua 8,000 hadi 10,000 kwa walio chini ya miaka 60, na 6,000 hadi 8,000 kwa waliofika 60 na kuendelea, baada ya hapo haiongezeki sana. Kama sahivi una hatua 2,500 lengo lako la mwezi huu ni 4,000, hiyo elfu 10 achana nayo kwanza.

Kitambi kitaisha lini? Nafanya sitapu kila siku.

Sitapu hazichomi mafuta ya tumboni kaka, zinakaza msuli ulio chini ya hayo mafuta. Mwili ndo unaoamua mafuta yatoke wapi, haukuulizi we.

Na nikwambie ukweli, kwa mazoezi peke yake kitambi kinachelewa sana. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka nusu saa anatumia kama kalori 150. Chapati moja ya mafuta inazidi hapo. Soda moja ya mililita 350 kwa kawaida inabeba sukari gramu 30 na ushee, vijiko vya chai kama 8, wakati Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa kwa siku nzima isizidi kama gramu 50. Sasa hesabu: chai ya saa 4 yenye vijiko 3 na maandazi, mchana wali maharage na soda, saa 10 soda nyingine, jioni chipsi mayai kwa sababu umefika umechoka. Simwambii mtu aache kula na wenzake kwa mama ntilie, kula, ila anza na soda. Badilisha iwe maji siku za kazi tu. Alafu mwambie mama akuwekee mboga za majani nyingi wali apunguze, hawakatai, tena wengine wanafurahi.

Kipimo kisiwe mzani, mzani unakatisha tamaa. Chukua tepu ya fundi, pima kiuno usawa wa juu kidogo ya kitovu, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Kwa wanaume ikipita sentimita 94 na wanawake 80 hatari ya moyo na kisukari inaanza kupanda. Pima mara moja kwa mwezi, sio kila asubuhi.

Kesho yake nimeamka mwili wote unauma. Nimejiumiza?

Kama ni misuli pande zote mbili, inauma ukigusa au ukishuka ngazi, hiyo ni kawaida, inakuja siku ya pili inaondoka ndani ya siku 3 hivi. Tembea, usilale tu. Ila maumivu makali sehemu moja, kiungo kimevimba, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nina presha / sukari / nina mimba. Niache?

Usiache, ila muone daktari wako kwanza ajue unaanza. Mwenye presha inayopanda bila dawa aishushe kwanza. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana atembee na pipi au juisi mfukoni, akianza kutetemeka na jasho la baridi asimame ale. Mjamzito asiye na tatizo aliloambiwa na daktari anashauriwa hata yeye zile dakika 150, kutembea ni salama na kuinuka kwenye kiti pia, ila baada ya miezi mitatu ya kwanza asifanye mazoezi ya kulala chali.

Na kwa mtu yeyote: kifua kikibana, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, kizunguzungu, kuishiwa pumzi kusikoendana na kazi uliyofanya, simama. Usijikaze mbele ya wenzako. Usiseme ni gesi. Hapa Dar tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wataalamu wapo, mwambie mwenzako akupeleke hospitali ya karibu mara moja na wao watajua cha kufanya.

Nashuka kituo kimoja kabla, ni wazo zuri?

Zuri sana mchana na asubuhi. Mtu wa mwendokasi anayeishia Posta au Kivukoni anaweza kushuka Kisutu au hata Fire akamalizia kwa miguu. Usiku sikushauri kama njia ina giza, na sehemu yoyote simu usiishike mkononi ukiwa pembeni ya barabara, boda wanazipitia.

Wikiendi kama unaweza, Daraja la Tanzanite lina kama kilomita 1 na njia ya waenda kwa miguu, kwenda na kurudi umepata 2, upepo wa bahari bure, na alfajiri utakuta watu wa kila umri. Jumamosi ya pili ya kila mwezi ndo ilitangazwa siku ya mazoezi kitaifa tangu mwishoni mwa 2016, Rais Samia akiwa bado Makamu wa Rais, kwa hiyo hiyo siku ukiona makundi ya joging barabarani ungana nao, wanapokea yeyote.

Viatu gani?

Raba yoyote isiyoteleza na isiyobana vidole, hata ya mtumba wa Karume, angalia tu soli haijalika upande mmoja. Moka na viatu vya kisigino virefu usipandie ngazi.

Ramadhani inakuwaje?

Punguza, usiache. Mchana ngazi ghorofa moja moja na kunyoosha viungo basi. Kutembea sogeza jirani na futari ili ukimaliza unywe maji, au baada ya tarawehe.

Nilianza vizuri alafu malaria ikanishika / nikasafiri / masika ikaja, nimekaa wiki 3. Narudi sifuri?

Hurudi sifuri. Rudi kwenye nusu ya ulichokuwa unafanya siku ya mwisho, kaa hapo wiki moja, panda tena. Aliyeugua malaria asubiri kwanza amalize dozi na hamu ya kula irudi, malaria inashusha damu na ukikimbilia ngazi mapema utaona giza, akifika siku hiyo aanze na ile ya kwenye kiti mara 8. Aliyesafiri kiti kipo kila hoteli na kila nyumba ya mjomba. Na masika mvua ikipiga mpaka Jangwani pamejaa maji na umekwama ofisini mpaka usiku, wale mliokwama wote mnajuana, itaneni, pandeni ngazi.